Kifungo cha Pili cha Koti

Dona Quitéria aliingia kwenye duka la picha la Seu Evilásio saa mbili asubuhi amevaa nguo nyeusi, na hakusalimu. Mtu wa Juazeiro asiyesalimu ana msiba au ana ugomvi, na Dona Quitéria hakuwa na ugomvi na kiumbe chochote mtaani isipokuwa jogoo wa jirani. Alitoa picha mkobani, akaiweka juu ya meza, akaisukuma kwa kidole kimoja kama anayesukuma sahani ya chakula kilichochacha.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Aliniambia nini, Dona Quitéria?"

"Usinifiche. Nimezika mume na dada wawili, habari najua kuzipokea. Adeílson wangu amekufa lini, na imekuwaje wewe ukajua kabla ya mama yake?"

Seu Evilásio alivaa miwani. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hamsini na mitano kati ya hiyo aliitumia kutengeneza picha za watu. Aliitazama ile iliyokuwa mezani. Adeílson, kijana wa ujenzi aliyekuwa São Paulo, amevaa koti jeusi na tai, nyuma yake ukuta wa buluu. Adeílson hakuwahi kuvaa koti maishani mwake, lakini hilo halikuwa na ajabu. Katika nchi ile picha ya ukutani humvika mtu kile ambacho maisha hayakumpa. Mkulima hupata suti, mkewe hupata mkufu, na mtoto aliyekufa kabla hajatembea husimama kwa miguu yake kati ya baba na mama.

Kisha akaona kifungo. Kifungo cha pili cha koti, kuhesabu toka juu, kilikuwa wazi.

"Mimi sijaitengeneza picha hii," alisema.

"Usiseme uongo na kwaresima imekaribia."

"Dona Quitéria, sijaitengeneza. Mpigie mwanao simu."

"Tangu jana jioni hapokei."

"Piga tena. Iweke kwa sauti ya juu, tusikie wote."

Simu iliita mara saba. Mara ya nane ikapokelewa, na kelele za mashine zikajaa dukani.

"Mama, niko ghorofa ya kumi na moja, nimeshika ndoo ya saruji. Kuna nini?"

Dona Quitéria aliziba mdomo kwa kiganja. Seu Evilásio akajibu badala yake. "Mama yako anataka kujua kama u hai."

"Niko hai mpaka msimamizi atakaponikuta na simu. Huyo ni Seu Evilásio? Bado unawavisha maskini suti?"

"Bado. Kwa nini hukupokea jana?"

"Chaji iliisha. Mama, usilie. Sasa unalia nini?"

"Funga koti lako," Dona Quitéria alisema.

"Koti gani? Huku kuna jua la kupasua mawe."

Simu ilipokatika, Dona Quitéria alikaa kwenye kiti cha wateja, akajipepea na ile picha iliyomtia kiwewe. Alieleza kwamba mpwa wake wa Fortaleza ndiye aliyeitengeneza kwa ile programu mpya ya simu, yenye alama ya fremu ya dhahabu, ambayo sasa kila mtu anayo. Unaweka uso, unabonyeza, unapata picha ya ukutani kama zile za zamani. Mpwa aliichapa, akamtumia shangazi kama zawadi.

"Na nimeshamwambia padri atangaze misa," alisema Dona Quitéria. "Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie Adeílson amefufuka. Ndiyo kazi yake kufurahi."

Alicheka, akanywa maji, akaenda zake kubadili nguo. Picha aliiacha. Alisema haingii nyumbani kwake hata kwa bahasha.

Seu Evilásio hakucheka. Alifunga mlango nusu, akaipeleka picha dirishani.

Alama ile ya kifungo wazi aliirithi kutoka kwa Mestre Laurindo, yaani fundi bingwa Laurindo, mzee aliyemfundisha kazi wakati picha zilipakwa rangi kwa brashi na uvumilivu. Katika picha moja huweza kusimama walio hai na waliokufa, bega kwa bega, wote macho wazi na mashavu mekundu, na mgeni asijue nani ni nani. Mestre Laurindo aliwaachia wafu kifungo cha pili wazi. Alisema maiti havai mwenyewe, huvishwa, na anayemvisha huwa analia, kwa hiyo kifungo kimoja humponyoka. Wazee wa mitaa ile waliijua alama. Vijana hawakuijua, na hapakuwa na mwingine aliyeiendeleza, maana wanafunzi wote wa Mestre Laurindo walikwisha kufa au kwenda kuuza viatu. Alibaki Evilásio peke yake.

Na ile buluu aliijua pia. Ilikuwa buluu ya jiko la nyumba yake ya kwanza, chokaa iliyochanganywa na nili, ambayo mkewe Marinalva aliipaka mwenyewe akiwa na mimba ya mtoto ambaye hakuishi. Marinalva alipofariki, Seu Evilásio alikaa wiki tatu mbele ya kompyuta akiitafuta buluu ile mpaka akaipata. Haikuwa buluu ya kununuliwa popote.

Ilikuwa imetoka ndani ya Domingueira.

Domingueira ni nguo za Jumapili, na ndilo jina alilokipa kijiprogramu walichokitunga yeye na Genivaldo Teles. Kilichomekwa ndani ya ile programu huria ya kuhariri picha, ambayo watu wa dunia nzima huitunga pamoja na kuigawa bure. Ulichukua picha ya kitambulisho iliyofifia, hata iliyoliwa na mende, ukaiskani, na Domingueira ikakusaidia kuziba mashimo, kurudisha macho, kupaka mashavu, kuvika suti. Evilásio alileta mkono wa miaka hamsini na mitano. Alikaa akimwonyesha Genivaldo jinsi kivuli kinavyolala chini ya kidevu, jinsi kola inavyokaa kwenye shingo nene na shingo nyembamba, na Genivaldo aliyageuza maneno hayo kuwa msimbo. Walifanya hivyo kwa miaka sita, kila Jumamosi, na uji wa mahindi katikati yao.

Genivaldo hakuwa mtu wa kukutana naye njiani. Alikuwa mwalimu wa shule ya jioni ya watu wazima, na ndiye aliyemfundisha Evilásio kusoma, Evilásio akiwa na miaka arobaini na tisa na aibu ya kuficha daftari ndani ya mfuko wa unga. Genivaldo wakati ule alikuwa na miaka ishirini na saba, na hakumcheka hata mara moja. Binti wa Genivaldo alipozaliwa, Evilásio ndiye aliyemshika juu ya maji ya ubatizo. Tangu siku hiyo wawili hao waliitana kompadre, na neno hilo huko halitamkwi kwa mzaha. Mnaoitana hivyo mmeungana mbele ya Mungu, na hata ndugu wa damu huheshimu.

Domingueira ilipokamilika, walikubaliana kuitoa bure, kwa leseni ileile ya ile programu kubwa. Evilásio alitaka kwanza aisome leseni yenyewe. Ilimchukua jioni kumi na moja, neno kwa neno, Genivaldo akimfuatia mstari kwa kidole. Ulikuwa mwandiko mrefu wa kwanza alioumaliza maishani, na aliuelewa. Mtu yeyote atumie, abadilishe, agawe. Anayegawa agawe na msimbo wake, kama alivyoupokea. Na majina ya waliotunga yasifutwe. Hakuna zaidi.

"Kwa hiyo wakinichukulia, hawajaniibia," Evilásio alisema siku ile.

"Hawajakuibia, kompadre, ilimradi wameacha jina lako."

"Basi jina ndiyo bei."

"Ndiyo bei."

Katika faili la majina Genivaldo aliandika jina lake, kisha la mwenzake kwa ukamilifu: Evilásio Macário dos Anjos, mpiga rangi wa picha, Juazeiro do Norte. Mzee aliomba achapiwe ukurasa ule. Aliutia kwenye fremu, akautundika dukani, mahali ambapo watu wengine hutundika shahada.

Sasa aliutazama ukurasa huo ukutani, akatazama picha ya Adeílson, akavaa kofia.

Chumba cha kompyuta cha mtaa kilikuwa nyuma ya karakana ya baiskeli, na kilisimamiwa na Rosilda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira. Alikuwa anafungua kompyuta iliyokufa, bisibisi mdomoni.

"Seu Evilásio, leo si Jumamosi."

"Najua siku. Niangalizie programu ya simu yenye fremu ya dhahabu. Imetoka ndani ya Domingueira, nataka kuona majina ya waliotunga."

Rosilda alitoa bisibisi mdomoni, akatafuta. Alipekua kurasa za programu ile mpaka chini kabisa. Palikuwa na jina la kampuni, na maneno kwamba kila kitu ndani yake ni mali ya kampuni, na onyo kwa atakayenakili. Jina la mtu halikuwepo.

"Wamefuta," alisema Rosilda. "Lakini hii si ruhusa. Leseni yenu hairuhusu kufunga."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Labda walinakili tu kimyakimya. Tumwambie Genivaldo, yeye anajua kuandika barua za—" Alikuwa amefungua ukurasa wa Domingueira, ule ambao Genivaldo aliutunza, ambako watu wa mbali waliandika maswali na shukrani. Seu Evilásio hakuwa na desturi ya kuufungua. Genivaldo alimsomea barua zilizokuja, na yeye aliridhika hivyo. Rosilda alisogeza kiti kidogo, kana kwamba anataka kuuziba ukurasa kwa bega.

"Sogea," mzee alisema. "Najua kusoma."

Lilikuwa tangazo la miezi mitatu nyuma. Lilisema kwamba Domingueira haitaendelezwa tena hapo, na kwamba mtungaji aliyebaki, Genivaldo Teles, ameihamishia kampuni ileile haki zake zote, kufuatia kifo cha mtungaji mwenza, ambaye hakuacha mrithi.

Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa.

Chini yake palikuwa na rambirambi. Mwanamke mmoja wa Ayacucho, Peru, aliandika kwamba kwa msaada wa Seu Evilásio amepata uso wa babu yake aliyepotea wakati wa vita, na kwamba leo amewasha mshumaa. Mpiga picha wa Cabo Verde aliandika kwamba hakuwahi kumwona mzee, lakini alimjua kwa vivuli vyake chini ya kidevu. Mtu mwingine aliandika tu: pumzika, mestre. Zilikuwa arobaini na tatu. Chini ya kila moja Genivaldo alikuwa amejibu: asante kwa niaba ya familia.

Seu Evilásio alizisoma zote, Rosilda amesimama nyuma yake. Hakuna aliyewahi kumwita mestre akiwa hai.

"Familia gani?" aliuliza hatimaye. "Mimi familia yangu ni yeye."

Rosilda alirudi kwenye ile programu ya simu, maana alihitaji kufanya kitu kwa mikono yake. Aliweka uso wake mwenyewe, akabonyeza. Akatoka amevaa gauni jeusi, ukuta wa buluu, kifungo cha pili wazi. Akaweka uso wa fundi baiskeli. Kifungo wazi. Akaweka uso wa paka wa jirani, na paka naye akapewa koti, kifungo wazi.

"Inawaua wote," alisema Rosilda, aliyefundishwa alama hiyo na mzee mwenyewe.

Seu Evilásio alielewa kabla hajamaliza. Katika Domingueira palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa marehemu. Ukikiwekea alama ya vyema, kifungo hufunguka. Genivaldo alikicheka, lakini alikiandika kwa sababu kompadre wake aliomba. Na katika mafaili ya Domingueira palikuwa na picha moja ya mfano, ya kumwonyesha anayeanza jinsi kazi inavyotakiwa kuwa. Ilikuwa picha ya Marinalva, na kisanduku chake kilikuwa na alama. Watu wa kampuni walichukua mipangilio ya picha ile nzima, buluu na kifungo na yote, wakaifanya kuwa ya kila mtu, wakakiondoa kisanduku kwenye kioo kwa kuwa hawakujua ni cha nini. Genivaldo alijua. Hakuwaambia, au hakukumbuka. Katika simu za nchi nzima watu wazima na watoto walikuwa wamevikwa kifo cha Marinalva.

"Utafanya nini?" Rosilda aliuliza.

"Nitakwenda Crato kumwuliza kama nilikufa kwa ugonjwa au kwa ajali."

Genivaldo alikuwa amehamia Crato, mji wa jirani, miezi miwili nyuma, kwenye nyumba yenye geti na miti ya kupandwa kwenye vyungu. Kompadre wake alikuwa hajafika hata mara moja. Kila mara palikuwa na udhuru, mara mafundi, mara rangi haijakauka. Alifungua geti mwenyewe, na alipoona ni nani, uso wake ulijaa furaha kwanza. Hilo ndilo lililomuuma Seu Evilásio baadaye kuliko yote, kwamba furaha ilikuwa ya kweli, na ilidumu muda wa kupepesa macho kabla ya hofu kuja.

"Kompadre. Umekujaje bila kusema? Ingia. Wanapakua baião sasa hivi."

"Maiti hali."

Genivaldo alishika geti. Alitazama barabara upande huu na upande ule.

"Ingia ndani, tafadhali."

Waliketi ukumbini. Mezani palikuwa na baião, yaani wali uliopikwa na kunde, jibini iliyokaangwa, na bilauri ya sharubati ya mabibo ambayo mgeni hakuigusa.

"Ni neno tu kwenye karatasi," Genivaldo alianza. "Sikiliza kwanza. Kampuni ilitaka saini za watungaji wote. Wote, ama hakuna kitu. Na mimi nilikujua. Ungekataa."

"Uliniuliza?"

"Nilijua ungekataa."

"Kwa hiyo ukaniua ili kunipunguzia taabu ya kusema hapana."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wewe ndiye mwalimu. Nifundishe neno lake."

Genivaldo alijifuta paji la uso. Alikuwa mnene kuliko zamani, na shati lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. "Miaka ishirini na mbili nafundisha watu wazima kuandika majina yao," alisema. "Wanajifunza, wanaondoka, darasa linabaki na taa mbovu. Nikatunga na wewe kitu kizuri, kikatumika mpaka Peru, na bado mkuu wa shule alinituma kununua chaki. Hawa walinipa ofisi, kompadre. Waliniita mhandisi. Ulikuwa umewahi kusikia mtu akiniita mhandisi?"

"Nilikuita mwalimu. Nilidhani ni kikubwa zaidi."

"Nilikuwa nikurudishe. Mambo yakitulia, nilikuwa niseme palikuwa na makosa."

"Ungenifufua."

"Ndiyo."

"Siku ya tatu, au ungesubiri mwaka wa fedha uishe?"

Genivaldo aliinama mbele, akaongea kwa sauti ya chini, na hapo ndipo ombi lilipokuja. Kampuni haijui. Wakijua kwamba amesaini uongo, ofisi imekwisha, na pengine wataleta mawakili. Alichoomba ni kimya. Mpaka mwisho wa mwaka tu. Dunia haikujui kompadre, alisema, wanakujua watu arobaini na watatu.

"Umewahesabu," alisema Seu Evilásio.

"Nini?"

"Walioniombea. Umewahesabu, na kila mmoja umemjibu. Nisingekuwa na hasira kama ungekuwa umewaacha hivihivi."

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Taciana, binti wa Genivaldo, miaka kumi na minne, na kitabu cha hesabu kwapani. Alimwona mzee, akaacha kitabu kwenye kiti, akaja mbele yake na kuinamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu anajua kusimama.

"Baraka, baba wa ubatizo."

Genivaldo aliyafumba macho.

Seu Evilásio aliweka kiganja juu ya nywele za msichana. "Mungu akubariki na akupe afya."

"Baba alisema unaumwa, huwezi kusafiri."

"Nilizidiwa," alisema. "Lakini naona nimepata nafuu."

"Utanitengenezea picha ya miaka kumi na mitano? Nataka ukuta wa buluu ule wako. Marafiki zangu wote wanao, wa kwenye simu, lakini mimi najitapa kwamba wa kwangu utakuwa wa kweli."

"Nitakutengenezea. Nenda ukale, chakula kinapoa."

Alipoondoka, Seu Evilásio alisimama, akachukua kofia.

"Hukuniambia kama utanyamaza," Genivaldo alisema.

"Siku ile ya jioni ya kumi na moja, tulipomaliza leseni, ulinishika bega ukasema, sasa hakuna anayeweza kukudanganya kwa maandishi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, kompadre."

"Mimi nina Domingueira ya mwisho kabla hujafunga. Iko nyumbani kwenye diski, na Rosilda anayo, na yule wa Peru anayo. Kilichokwisha kutolewa bure hakirudishwi sandukuni, ulinifundisha wewe. Sitakwenda kwa wakili. Sitakwenda kwa kampuni. Lakini mimi si maiti, na sitalala kimya ili mtu akae ofisini."

"Ni yaleyale. Wataona."

"Basi wataona."

Alipofika getini Genivaldo alimwita tena, kompadre, mara mbili. Mzee aliendelea kutembea. Alikuwa anatafuta moyoni jina jingine la kumwitia, na hakulipata, akaamua kutoitika tu.

Jumamosi, saa ileile ya uji wa mahindi, alikuwa kwenye chumba cha kompyuta. Rosilda alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuweka humo Domingueira yote, toleo la mwisho lililokuwa huru, msimbo na brashi na picha ya Marinalva. Kisanduku cha marehemu alikiacha mahali pake, na akaongeza mstari wa kueleza maana yake, ili asitokee tena mtu wa kuvaa nyeusi bure.

Kwanza Seu Evilásio alizijibu rambirambi. Alikataa kuandikiwa. Aliandika kwa vidole viwili, moja moja, zote arobaini na tatu, na ilimchukua mpaka karibu adhuhuri. Kwa mwanamke wa Ayacucho aliandika: asante kwa mshumaa, nimeuona, tafadhali uuzime usije ukaunguza nyumba, mimi ni mzima.

"Na faili la majina," alisema Rosilda. "Hapo ndipo penye utamu."

Alilifungua. Lilikuwa na mistari miwili. Genivaldo Teles, mwalimu, Juazeiro do Norte. Chini yake, Evilásio Macário dos Anjos.

Mzee alisogeza kipanya mpaka mwisho wa mstari wake, akaongeza maneno mawili: yu hai. Akayasoma kwa sauti, akaridhika nayo. Kisha akapandisha kipanya mpaka mstari wa juu, akauchagua wote. Jina la Genivaldo likageuka buluu, tayari kwa kufutwa.

"Futa," alisema Rosilda. "Nani atakulaumu? Yeye alikufutia pumzi, wewe unamfutia wino tu. Na ukitaka, kwenye picha ya binti yake mfungulie kifungo."

"Kifungo ni cha wafu. Yule binti nimemwacha anakula baião."

"Basi futa jina."

Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo. Alikumbuka kidole kingine, cha mwalimu kijana, kikitembea chini ya maneno jioni kumi na moja, kikisubiri kila alipokwama, kisimhimize hata kidogo. Alikumbuka pia neno familia. Yalimjia yote mawili pamoja, na hakuna lililolifuta lenzake. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka fundi baiskeli akachungulia mlangoni kuuliza kama umeme umekatika.

"Leseni inasema majina ya waliotunga yasifutwe," Seu Evilásio alisema.

"Yeye aliifuata?"

"Mimi ndiye niliyeisoma mpaka mwisho."

Alibonyeza pembeni. Buluu ikaondoka, jina likabaki jeusi mahali pake, la kwanza, kama lilivyokuwa. Aliliacha neno mwalimu pia, kwa kuwa lilikuwa kweli. Rosilda alitikisa kichwa, akabonyeza kutuma, na Domingueira ikatoka tena duniani na majina yake mawili.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kwenye meza, upande wa pili, bakuli moja la uji lilikuwa limefunikwa kwa kisahani. Alikuwa ameleta mawili, kwa mazoea. Alimsogezea Rosilda, akachukua kofia, akaenda kumtengenezea Dona Quitéria picha ya mwanawe, vifungo vyote vimefungwa.